Shukrani kwa dada wa fidla

Dada yangu, jina hukunipa. Nilipokuuliza ukacheka, ukaniambia andika tu "mpiga fidla". Basi.

Jioni tatu ulikaa pale Forodhani, watu wakila urojo, ukapiga taarabu ya zamani na kuuza kijitabu chako cha hadithi ulichokishona kwa uzi mweupe. Hukubakisha hata nauli. Watoto 11 wa mtaani kwetu Ng'ambo wakapata sare na madaftari.

Ikhwani Safaa, kile kikundi cha taarabu, wapo hapa Unguja tangu 1905, lakini fidla wanangu walikuwa wakiisikia redioni tu. Wewe ulimpa mjukuu wangu upinde mkononi, ukamwonyesha jinsi ya kuusugua kwa ule utomvu mkavu, ukavumilia mlio wake (mimi niliziba masikio, nisamehe). Yule mtoto haongei na wageni. Siku ile alikuuliza mambo mpaka ukachoka.

Ahsante sana, Mungu akuzidishie. Hadithi ya kasa tunaisoma kila usiku. Uzi wa kijitabu umeshakatika, nimekishona tena kwa mweusi maana mweupe sikuwa nao.