Wito wa Harambee: Faili Nazo Zinahitaji Mtunzaji

Ndugu wahitimu, walimu, wanafunzi na marafiki wa maktaba yetu,

Tunakuja kwenu kuomba mchango. Si wa jengo, wala si wa rafu, na tunajua baadhi yenu mtashangaa, maana harambee za vyuo tumezizoea kwa matofali na saruji. Safari hii fedha zitaingia kwenye kazi ambayo hakuna mgeni rasmi atakayeikatia utepe: kutunza faili. Tunazungumzia tasnifu zilizokabidhiwa kwa njia ya kidijitali, hati za kale zilizopigwa skana, data za tafiti, na sauti za wazee waliohojiwa na watafiti wetu enzi za kanda. Vyote hivi viko mikononi mwa maktaba, na vyote vinaweza kutoweka bila moto kuwaka wala mwizi kuvunja mlango.

Wengi huamini kwamba kitu kikishapigwa skana kimeshapona. Mwaka 1986 BBC iliadhimisha miaka 900 ya Domesday, kile kitabu cha sensa ya ardhi na mali ya Uingereza cha mwaka 1086, kwa kuandaa sensa mpya ya kidijitali. Zaidi ya watu milioni moja walishiriki, wakiwamo watoto wengi wa shule, na kazi yao ikawekwa kwenye diski za leza. Haikupita miaka ishirini, mashine za kuzisoma diski hizo zikawa adimu, hadi watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan wakalazimika kutengeneza programu inayoiga kompyuta ya zamani ili yaliyomo yasomeke tena. Kitabu chenyewe cha karne ya 11, kilichoandikwa kwenye ngozi, kilikuwa bado kinafunguliwa na kusomwa bila umeme. Hatusemi turudi kwenye ngozi. Tunachosema ni kwamba kitabu huvumilia kusahauliwa kabatini, lakini faili haivumilii.

Sasa kutunza faili ni kufanya nini hasa? Karibuni kwenye chumba kilicho nyuma ya meza ya kuazimia. Tasnifu ikiingia, mkutubi anaipitisha kwenye programu inayoikokotolea alama yake, mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Badilisha koma moja tu ndani ya tasnifu ile, na alama itakayotoka ni nyingine kabisa. Alama ya kwanza inawekwa kwenye kumbukumbu, kisha kila baada ya muda kompyuta inakokotoa upya na kulinganisha. Zikitofautiana, faili imeguswa au diski imeanza kuoza, na hapo mkutubi anachukua nakala nzima iliyohifadhiwa kwingine. Ni kazi isiyo na mbwembwe, inayofanyika mwaka hadi mwaka, na ndiyo inayomfanya msomaji wa kesho awe na hakika kwamba anachokisoma ndicho kilichoandikwa.

Tatizo letu liko kwenye neno hilo "kwingine". Nakala tunazo mbili, lakini zote zimo ndani ya jengo hili hili.

Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioanzia kwenye miteremko ya mlima ulifika Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger. Milango ya kuzuia moto iliokoa sehemu kubwa ya vilivyokuwa kwenye maghala ya chini, lakini maji ya kuzimia moto yakashuka huko huko, na watu wa kujitolea wakabeba kreti baada ya kreti za makaratasi yaliyolowa. Karatasi iliyolowa hugandishwa, hukaushwa, pengine hunusurika. Seva mbili zilizokaa kwenye chumba kimoja zingelowa pamoja.

Wala si lazima uje moto. Desemba ya mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza terabaiti zipatazo 77 za data za watafiti, faili kama milioni 34, kwa sababu programu ya nakala rudufu ya kompyuta kuu yake, baada ya kurekebishwa, ilianza kufuta faili badala ya kuzilinda. Vikundi 14 vya watafiti viliathirika, na vinne kati yake havikuwa na nakala ya kurejesha. Hapo ni mahali penye wataalamu wa kutosha na mitambo ambayo sisi tunaiona kwenye picha tu.

Dawa yake inajulikana, na jambo la kutia moyo ni kwamba ilibuniwa na watu wa maktaba. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Stanford kilianzisha mpango wa LOCKSS: maktaba nyingi, kila moja na kompyuta yake, zinashika nakala za kitu kile kile, na kompyuta hizo zinakaguana zenyewe kupitia intaneti. Nakala ya mmoja ikiharibika, wenzake wanamtengenezea. Tunataka nasi tuingie kwenye ushirika wa namna hiyo. Tutawashikia wenzetu vyao, nao watatushikia vyetu. Gharama yake ni nafasi ya diski, mashine inayowaka usiku na mchana, na ada ya kila mwaka. Ada ya kila mwaka ndiyo inayotuumiza kichwa, kwa sababu wafadhili wengi hupenda kununua mashine kuliko kulipia mwaka wa nne wa kuiendesha.

Utunzaji huo huo ndio unaowakutanisha watafiti. Mtafiti wa chuo kingine aliwahi kutuomba data za utafiti wa kaya uliofanyika hapa zamani, ili azilinganishe na zake. Faili ilifunguka bila shida. Safu ya saba ilikuwa na kichwa "v7", na chini yake 3, 5, 2, 99, 4, 99. Hiyo 99 ni nini? Ni waliokataa kujibu, wasiohusika na swali, au ambao hawakukutwa nyumbani? Aliyekusanya data hizo alikuwa ameshastaafu, na daftari la misimbo halikuwahi kuletwa maktaba. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ilikuwapo mezani lakini habari ndiyo iliyopotea. Mkutubi wetu alikuja kuipata misimbo ile kwenye kiambatisho cha tasnifu ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa kwenye timu ya ukusanyaji. Ni wasiokutwa nyumbani. Kwa jibu hilo moja wale watafiti wawili wa vyuo viwili waliweza kuunganisha data zao na kuandika pamoja.

Kazi ya kuandika maelezo kama hayo mapema, data zingali mpya na mwenye nazo bado anakumbuka, ndiyo tunayotaka kuifanya kwa kila mradi wa utafiti unaoanza. Mkutubi anakaa na watafiti kabla hawajaenda uwandani, wanakubaliana majina ya safu, aina za faili, nani aruhusiwe kuona nini. Baadaye kila seti ya data inapewa namba ya kudumu ya DOI, ili anayeinukuu asiangukie kiungo kilichokufa, na kila mtafiti anajisajili ORCID, namba ambayo tangu mwaka 2012 imekuwa ikiwatofautisha watafiti wenye majina yanayofanana. Kujisajili ni bure. Kumpata mtu wa kukaa na watafiti hao si bure.

Neno hilo "bure" limetuponza mara nyingi. Programu tunayokusudia kuiendeshea hifadhi yetu ni DSpace, programu huria iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, na kweli hailipiwi leseni. Lakini lazima awepo mtu wa kuisakinisha, kuihuisha, kuiziba matundu ya usalama, na kuamka inapolala.

Kanda ndizo zenye haraka kuliko yote. Mwaka 2015 Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia ilitoa onyo kwamba kanda za sumaku zisizohamishiwa kwenye mfumo wa kidijitali kufikia 2025 nyingi zitakuwa zimepotea, kwa sababu kanda zinaoza na mashine za kuzichezea hazitengenezwi tena. Mwaka huo umeshafika. Kuhamisha kanda hakuna njia ya mkato: kanda ya saa moja inataka saa moja ya kuicheza, mtu akiwa ameketi na visikizi masikioni, baada ya kufuta ukungu na kusafisha kichwa cha mashine. Halafu kuna suala la ridhaa. Bibi aliyemsimulia mtafiti habari za ndoa yake hakujua kwamba ipo siku sauti yake ingeweza kusikika dunia nzima. Kwa hiyo si kila tutakachookoa kitawekwa wazi kwenye intaneti. Vingine vitasikilizwa humu maktabani tu, kwa ruhusa, na tunaomba msituhukumu kwa hilo.

Fedha zitakazopatikana zitaanza na nakala ya tatu nje ya jengo. Hilo halina mjadala ndani ya kamati. Zinazofuata zitamlipa mkutubi mmoja wa data na kukarabati mashine mbili za kanda. Zikizidi, tutanunua skana ya vitabu vikubwa visivyofunguka vizuri.

Ukiweza kuahidi kiasi kidogo kwa kila mwaka, tunakipendelea kuliko kikubwa cha mara moja. Makundi ya wahitimu wa mwaka mmoja mnaweza kujiunga na kubeba ada ya mwaka mzima, kisha kundi jingine likapokea zamu. Tafadhali msituletee kompyuta kuukuu. Tunashukuru kwa moyo huo, lakini tayari zimejaa stoo. Tunachopokea kwa mikono miwili ni mashine za kuchezea kanda zinazofanya kazi, na muda wa mafundi wanaojua kuzitengeneza.

Kila mwisho wa mwaka tutabandika taarifa kwenye ubao wa maktaba na kumpelekea kila mchangiaji nakala: faili ngapi zilikaguliwa, ngapi zilikutwa zimeharibika, ngapi zilirejeshwa, na kila senti ilikwenda wapi. Zikiwamo zilizoshindikana kurejeshwa, nazo tutazitaja.

Kadi za ahadi zipo kwenye meza ya kuazimia, na mhasibu wa chuo atatoa stakabadhi kwa kila mchango. Aliye mbali aombe kadi kupitia ofisi ya wahitimu. Na kama una kanda nyumbani za utafiti wa mzazi, mwalimu au wako mwenyewe, usiijaribu kwanza kwenye redio ya zamani, kwa sababu kanda iliyokauka hukatika inapochezwa. Ilete kama ilivyo, pamoja na karatasi yenye jina la anayezungumza, mwaka, na aliyerekodi, hata kama una hakika na jambo moja tu kati ya hayo.