Dada, tanuri lilikuwa limebakiza siku tatu

Shikamoo dada.

Namba yangu umeifunga tangu arobaini ya mama, kwa hiyo nakuandikia hapa, palipo wazi. Akina shangazi nao watasoma. Wasome tu.

Ulisema mbele ya watu kwamba nilimwacha mama kwa ajili ya kipande cha chuma. Neno hilo limenikaa kooni mwaka mzima. Hukuwahi kuniuliza kipande hicho ni cha nini, na mimi sikuwahi kukueleza vizuri, nikidhani hutajali. Basi leo nakueleza.

Unakumbuka mama alivyokuwa akitupiga vikofi tukifungua friza kabla barafu za ubuyu hazijashika? Maji yakifika nyuzi sifuri hayaendelei kushuka. Yanasimama palepale yakitoa joto, mpaka yagande yote, ndipo baridi inaendelea. Joto kubwa limejificha pale penye kugeuka. Kitu ninachokitengeneza nacho kina mgeuko wake, ila wake ni wa sumaku. Ukikisogezea sumaku kali, atomu zake zinajipanga upande mmoja na kinapata joto. Joto hilo unaliondoa kwa maji. Ukiondoa sumaku, kinapoa kupita pale kilipoanzia. Rudia hivyo mara nyingi kila dakika na una friji isiyo na kompresa wala gesi. Yule fundi aliyekuwa akija kumjazia mama gesi kila mwaka na kuondoka na faida ya mwezi, hangekuwa na kazi.

Lakini mgeuko ule unaweza kuwa mkali au ukawa butu, na hilo linategemea kilivyopikwa. Mwaka 1997 watafiti wawili, Pecharsky na Gschneidner, kule Iowa, Marekani, walionyesha kwamba mchanganyiko wa gadolini, ambayo ni metali, na silikoni na jerimani unabadilika joto kwa kiasi ambacho hakuna aliyekitegemea. Ukiupika mchanganyiko uleule kwa gadolini ya kawaida ya kununua, yenye kaboni na oksijeni kidogo ndani yake, nguvu ile inapungua sana. Vipimo ni vilevile, dada, kilichoharibu ni uchafu kidogo tu.

Changu ni cha lanthani, metali nyingine, pamoja na chuma na silikoni: kwa kila atomu moja ya lanthani, kumi na tatu za hao wengine wawili. Tunaviyeyusha pamoja ndani ya agoni, gesi isiyochangamana na kitu, tunakigeuza kidonge na kukiyeyusha tena, mara nne au tano. Hata hivyo kikipoa bado si chenyewe. Chuma kinawahi kuganda, kinatawanya matawi kama mti, na lanthani inasukumwa kwenye nafasi za katikati. Ndiyo maana tunakifungia kwenye bomba la kwatzi, kioo kinachostahimili moto, na kukioka kwa nyuzi 1,050, siku saba mfululizo, atomu zitembee hadi zifike mahali pake. Ukikitoa mapema, chuma ambacho hakijaungana na wenzake kinabaki humo, na kila punje inageuka kwa joto lake, hii leo, ile kesho. Siku zikitimia unakitumbukiza kwenye maji mara moja, kwa sababu kikikaa kwenye joto la kati, nyuzi 700 hivi, kinaanza kuvunjika tena.

Najua iko njia ya mkato. Unamwaga mchanganyiko ukiwa umeyeyuka kama uji juu ya gurudumu la shaba linalozunguka kwa kasi, unapata utepe mwembamba kama karatasi, na kuoka kunakwisha kwa saa chache. Lakini mimi sikuwa na gurudumu, na nilihitaji vipande vinene. Nakueleza haya ili ujue kwamba siku saba sikuzitunga mimi.

Ulipopiga simu ilikuwa siku ya nne. Nilikuwa nimesimama mbele ya tanuri, namba nyekundu inasoma 1,050. Ulisema, "Mama katutoka. Nimewaomba wazee, wamekubali tuzike kesho alasiri. Panda ndege ya usiku." Wewe, ambaye hujawahi kumwomba mzee yeyote kitu, uliwaomba kwa ajili yangu. Nyuma yako niliwasikia wanasoma Yasini. Na mimi nikakujibu, "Dada, tanuri limebakiza siku tatu."

Ukasema, "Haya." Ukakata.

Ungenitukana ningejua pa kushika. Ile "haya" naisikia hadi leo kila nikikaribia tanuri.

Lakini na nyinyi, dada! Mwezi mzima mliniambia ni presha tu, anapumzika, usijisumbue. Mngeniambia ukweli nisingewasha tanuri lile. Ningekuwa pale nimemshika mkono kabla hata ya kufikiria ndege. Hilo nalo nijibu, usinyamaze nalo.

Nalo hili sijamwambia mtu. Tanuri halihitaji mtu. Linajiendesha. Anahitajika mtu siku ya mwisho tu, kulitoa bomba na kulitumbukiza majini, na mwenzangu wa maabara alijitolea, akasema nenda ukamzike mama yako. Nilimkatalia. Nilisema ataharibu. Hangeharibu, ni kazi ya dakika moja. Kuingia chumba kile nikute kitanda kitupu ndicho nilichokikimbia. Namba ile nyekundu ilikuwa rahisi kuitazama.

Sampuli ilitoka safi. Eksirei haikuonyesha chuma kilichobaki ila chembe. Mgeuko ulikuwa mkali, karibu nyuzi 80 chini ya sifuri, na tulipoilisha hidrojeni ukapanda hadi kupita joto la chumbani. Watu walinipongeza. Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi, na wa kumpigia simu alikuwa mmoja tu, naye ameifunga namba yangu.

Nimesikia unataka kuuza friza ya mama. Haigandishi, najua, na inakubania nafasi. Usiiuze kabla sijafika. Tiketi nimekata, nitakuwa nyumbani kabla ya Ramadhani. Kama hutaki kuniona, iache barazani na ufunguo mpe jirani.