Barua ya wazi kwa vijana wa vitalu vya miche, Urambo na Kaliua

Wanangu,

Nawasalimu. Ningependa barua hii iwe ya pongezi tu, maana kijana anayeamka alfajiri kumwagilia miche si wa kubezwa. Lakini msimu huu nimeona jambo lililonikera, na nikilinyamazia nitakuwa nimewatupa.

Nimekuta gari likishusha mikaratusi kwenye chama cha msingi, viriba vimepangwa vizuri, wakulima wa tumbaku wako foleni. Nikainama, nikageuza jani. Mshipa wa kati umejaa vinundu kama shanga, vingine vya kijani, vingine vimeshageuka waridi, na vikonyo vimepinda. Nikamwuliza aliyekuwa akigawa. Akanijibu, "Mzee, ikishashika ardhini itapona." Nikapasua kinundu kwa wembe mbele yake: ndani mna kibuu cheupe kisicho na miguu. Akanyamaza. Miche ikaendelea kugawiwa.

Haiponi, wanangu! Huyo ni mtoto wa nyigu ambaye wataalamu humwita Leptocybe invasa, asili yake Australia, urefu wake milimita moja na kidogo. Magharibi mwa Kenya alionekana mwaka 2002, na haikuchukua muda akawa Uganda na kwetu. Jike huzaa hata bila dume. Hutaga kwenye majani machanga na vikonyo, na mti wenyewe huvimba kulizunguka yai. Miezi minne au mitano baadaye nyigu mpya anatoboa tundu la duara na kutoka. Upepo humsogeza, ndiyo, lakini anayemvusha wilaya nzima kwa siku moja ni sisi na magari yetu.

Mnaniambia mkulima hakulalamika. Atalalamikaje, na mche aliupokea akiuamini? Anapalilia, anasubiri kuni, na mwisho anapata kichaka kilichodumaa. Tumbaku yake imo kwenye bani, lile banda la kuikaushia kwa moto wa kuni, na moto hausubiri. Anachukua shoka, anaingia porini kukata mtundu na mninga. Mikaratusi ililetwa ili miombo, misitu yetu ya asili, ipumzike, na ninyi mnauza miche inayomrudisha mtu kule kule. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Wala lawama si yenu peke yenu. Ni sisi wakubwa tuliowafundisha kuhesabu miche badala ya miti. Siku ya upandaji kuna wageni, kamera na hotuba. Mwaka unaofuata harudi mtu kuangalia iliyobaki hai. Kikundi kinalipwa kwa idadi ya viriba, basi kwa nini kiteketeze vibovu? Wanaotoa zabuni hizi za miche wanasoma barua hii, na nawaambia waziwazi: lipeni kwa mche uliokaguliwa.

Mengine nayataja kwa kifupi. Geuzeni majani kila wiki. Mche wenye nundu ung'olewe na kuchomwa siku hiyo hiyo, usilundikwe pembeni ya kitalu. Msipoteze fedha kwa dawa ya kupuliza. Kibuu kimejifungia ndani na dawa haikifikii. Kitalu kisiwe chini ya mikaratusi mikubwa iliyoshambuliwa. Machipukizi ya visiki nyigu huyu anayapenda sana, kwa hiyo yapunguzeni na mchome yaliyovimba. Aina ya mikaratusi iitwayo camaldulensis hushambuliwa vibaya. Msijaze kitalu kizima aina hiyo moja. Otesheni na mijohoro, kuni zake ni nzuri na nyigu huyu haigusi.

Afrika Kusini mwaka 2012 waliachia nyigu mwingine, Selitrichodes neseri, anayekula watoto wa huyu mharibifu. Ni njia nzuri, ila ni kazi ya watafiti kama wa TAFORI, Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, kule Morogoro, si ya kikundi cha kijiji. Yenu ni kutomsafirisha.

Kabla ya mvua zijazo, gari lisipakiwe mpaka bwana miti wenu apite mstari kwa mstari. Akikuta nundu, msigawe, hata kama malipo yameshaingia. Yarudisheni. Najua inauma, wengine mna watoto wadogo nyumbani. Kikundi kitakachokubali kuchoma miche yake kiniite. Nitakuja tujaze viriba upya pamoja, mikono yangu bado ina nguvu.

Mzee wenu,
Bwana miti mstaafu, Tabora