Mwanangu Neema, usiichomeke kwanza

Mwanangu Neema,

Salamu kwako na kwa wote hapo Goma. Huku Kadutu, Bukavu, tu wazima. Picha nimeziona: ni Commodore 64 kweli, zile kompyuta za zamani zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, na mjomba wako ameileta toka Marekani pamoja na adapta yake. Kompyuta hainitishi. Adapta ndiyo inayonitisha.

Najua utakimbilia transfoma ya kushusha 220 hadi 110. Hiyo inashusha volti tu. Umeme wetu unabaki Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na adapta iliundwa kwa 60, kwa hiyo itachemka zaidi. Hata huko kwao ina sifa mbaya: sehemu inayodhibiti volti imefukiwa ndani ya gundi ngumu, na ikifa, ile volti 5 inapanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Ukiipima ikiwa baridi ukakuta 5 kamili, mimi bado sitaiamini.

Ikate waya karibu na boksi, unitumie waya huo na plagi yake ya pini 7 kwa boti. Plagi kama hiyo huku sijaiona. Chaja ya volti 5, ampea 2, nitaifunga kwenye pini ya 5 na ya 2. Kwenye ya 6 na ya 7 nitaweka transfoma ndogo ya 220 kwa 9, na fyuzi yake. Fundi yeyote akikushauri hiyo 9 iwe DC kama ya betri, mkatalie: humo ndimo kompyuta inamojitengenezea volti 12 za sauti na picha.

Ndani ya chipu mojawapo ya kompyuta kuna saa inayohesabu mizunguko ya umeme. Kwa Hz 50 itachelewa dakika 10 kila saa. Programu ikiitumia, andika amri hii kwenye kompyuta, ijue umeme ni wa Hz 50:

POKE 56334, PEEK(56334) OR 128

Televisheni ya bibi yako iache. Ni ya SECAM, mfumo wa rangi wa Kifaransa. Kompyuta hii inatoa picha ya NTSC, mfumo wa Kimarekani; hata ikitulia itakuja bila rangi. Soketi ya antena nayo ni ya chaneli za Kimarekani, usipoteze muda. Tafuta waya wa AV (wa picha na sauti) wa Commodore, uchomeke kwenye tundu la manjano la televisheni bapa; nyingi zinaikubali NTSC. Rangi ikigoma, ingia kwenye menyu, toa AUTO, chagua NTSC mwenyewe.

Na umeme ukikatika, zima swichi papo hapo. Unajua unavyorudi kwa kishindo.

Papa yako