Bahari yako naisikia huku Ziwa Natron

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na bibi mfikishie shikamoo yangu. Barua yako ilinikuta niko porini, ndiyo maana nimekawia. Umerudia swali lako lile lile: tunaonaje chini ya ardhi bila kuchimba?

Kuchimba tunachimba, ila kashimo ka mita moja tu. Ndani tunakaza zege, juu yake kipima mitetemo, pembeni betri ya gari, na nje paneli ya sola. Jana nimefungua sanduku moja nikakuta nge kajilaza kwenye nyaya. Paneli nayo mbuzi wameipinda kwa kujikuna.

Nikaunganisha kompyuta, nikapiga mguu chini. Mstari ukaruka. Nikatulia, pumzi nimebana, mstari bado unapanda na kushuka taratibu, kila sekunde tano sita hivi. Nikadhani ni Lengai, mlima wa volkano wa huku. Mwenzangu akacheka: ni bahari hiyo! Mawimbi yakikutana huko kilindini, sakafu ya bahari inatikisika, na mtetemo unapita miambani mpaka huku bara. Huyo huyo anayekunyima usingizi Pangani.

Zamani walioshika kazi hii waliuona mtetemo huu kuwa uchafu wa kufutwa. Siku hizi ndio chakula chetu. Ukilinganisha rekodi za mwezi mzima za vituo viwili, unapata muda ambao wimbi la mtetemo linatumia kutoka hiki hadi kile. Likichelewa, pengine limepita kwenye mwamba wa moto au uliolegea. Likiwahi, mwamba ni mgumu. Vituo vikiwa vingi, picha inajichora. Hata masika yanaonekana: maji yakijaa nyufani, mawimbi yanapunguza mwendo kidogo sana.

Wanasayansi wa mwaka 1990 kule Kenya walilipua baruti ndani ya maziwa ndipo wakapata mawimbi yao. Waligundua kwamba ganda la dunia lina unene wa kilomita 20 hivi chini ya Turkana, na karibu 35 kule Naivasha. Kazi nzuri, lakini samaki nawahurumia.

Unakumbuka Julai 2007, watu Nairobi waliposhuka ngazi mbio? Tetemeko la tarehe 17, la ukubwa wa 5.9, lilitokea hapa mlima Gelai, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikijipenyeza chini kama kabari. Septemba Lengai ukalipuka. Naupitia kila asubuhi, na kila asubuhi nautazama.

Kusi likikaza, niandikie tarehe na saa. Nataka niitafute siku hiyo kwenye rekodi zangu.

Wako,
yule yule wa mashimo