Tusiwafutishe Vijana Mistari Yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi walimu wa sanaa wa hapa Dar es Salaam wasiwalazimishe vijana kufuta kila mstari uliopotoka wanapochora mwili wa binadamu. Mchoraji Egon Schiele wa Austria, aliyefariki mwaka 1918 akiwa na umri wa miaka 28 tu, alichora mabega na vidole kwa mistari yenye kona kali, inayokatika ghafla na kuanza tena, na ndiyo maana watu wake huonekana wenye wasiwasi hata pale ambapo mchoro haujakamilika. Mkaa wa kuchorea ukikandamizwa kwenye nyonga iliyobeba uzito wa mwili, kisha ukalegezwa kuelekea mguu uliopumzika, mtazamaji huuhisi uzito ule bila kivuli chochote. Hapa kwetu msanii George Lilanga, aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii jijini Dar es Salaam, alikuwa na mstari unaojipinda ambao ni wake kabisa. Kivuli laini kilichosuguliwa kwa kidole kina uzuri wake, lakini kwa maoni yangu mwanafunzi aanze na michoro ya dakika moja moja, tena kwa kalamu ya wino isiyofutika.

Msomaji wako,
Dar es Salaam