Mwanangu, kuhusu kaka yako

Mwanangu, lile neno lako la juzi kwamba kaka yako kaacha unga, yaani heroini, kaenda kunywa unga wa serikali, nilishindwa kulijibu kwenye simu, maana nikianza tu nalia afu hatuelewani, ndo maana nakuandikia saivi nikiwa nimetulia.

Cherehani yako sijaisahau. Najua ulivyoikopea hela ya vikoba, najua aliiuza siku ile umeenda Kariakoo kufata vitambaa, umerudi umekuta meza tupu. Sijawahi kusema ni jambo dogo na hata leo sisemi.

Ila hili la methadoni, hiyo dawa anayopewa ya kuachia unga, nisikilize maana mimi ndo ninayekaa kwenye lile benchi la kliniki pale Temeke. Unga unaisha mwilini ndani ya masaa machache, ukiisha arosto inaingia, umeiona mwenyewe, kamasi, kutapika, kuharisha, mifupa inauma mpaka mtu anapiga kelele, na ndo hapo anabeba chochote kilichopo mbele yake akauze, hata sufuria ikiwa jikoni. Methadoni inakaa siku nzima na zaidi. Anakunywa kikombe kimoja asubuhi mbele ya muuguzi, walimuanzishia kidogo wakawa wanapandisha taratibu mpaka arosto ikakata, na akishakunywa halewi, anakuwa mtu wa kawaida tu anayeuliza leo tunakula nini. Muhimbili walianza hii huduma 2011, ikaja Mwananyamala, ikaja hapa Temeke. Dawa ni bure, kinachotutoa jasho ni nauli, toka Mbagala kila siku ya Mungu, iwe Jumapili iwe Idi, mvua inyeshe isinyeshe lazima afike, na akikosa siku kadhaa mfululizo hawampi tena dozi ileile, wanaanza kumuangalia upya maana inaweza kumdhuru.

Sasa kuna kitu nilikuficha. Unakumbuka nilimpeleka kwenye ile nyumba ya kuachisha, nikalipa, akakaa miezi minne? Kule walikuwa wanawafunga mnyororo usiku. Katoka kanenepa tukamchinjia kuku, hakuna aliyeniambia kwamba mwili ukikaa bila unga unasahau, kile kipimo alichozoea zamani ndo kinachomuua. Wiki ya pili nikamkuta chooni midomo imekuwa ya bluu, pumzi inakuja moja inakaa kimya, inakuja nyingine. Tukambeba kwa bajaji. Wewe nikakwambia malaria imempanda kichwani. Nisamehe kwa huo uongo, niliona aibu, na nilijua nimemlipia mwenyewe.

Kwahiyo nikikwambia hii njia ya sasa naiamini usidhani mama kalogwa na huruma. Hata huku kliniki aliteleza, mwezi wa tatu alirudia unga, nikajua ndo wanamfukuza. Hawakumfukuza, walikaa nae, wakamuuliza alikuwa na nani na kilimkuta nini, wakaangalia dozi yake upya. Walimpima ukimwi, homa ya ini, na kifua kikuu, kikuu wakakikuta, kameza vidonge miezi sita kamaliza. Na pale wanamwita kwa jina lake. Mimi hilo neno teja sitaki tena kulisikia humu ndani, hata kwako mwanangu.

Saivi akishakunywa dawa anaenda Keko kwa fundi mmoja wa makochi, anapiga msasa na vanishi, analipwa kwa siku na hela ni ndogo. Mwanzo fundi alikuwa anamsimamia kila dakika, misumari anaihesabu, siku hizi anamuachia ofisi anaenda kuswali. Aliporudi kunihadithia hilo mwanangu alishindwa kumaliza sentensi. Mtu mzima wa miaka 34.

Nyumbani bado sijampa ufunguo wa geti, nakwambia ukweli. Kila jioni ananigongea, namfungulia, na natamani siku moja nisikie anaingia mwenyewe. Sijafika huko. Ndo maana na wewe siwezi kukulazimisha ufike kabla yangu.

Anakuuliza sana lakini anaogopa kukupigia, anasema atakupigia akiwa na hela ya cherehani mkononi, na mimi naona itachukua muda mrefu mno kwa kipato hicho, mtazeeka hamjaongea. Jumamosi anatoka kazini saa tisa. Nitakupigia mimi nimpe simu. Usiseme umemsamehe kama hujamsamehe. Usikate tu.